Jibu: Kedi anayetaka kuwa mwanagofu wa kulipwa

Kaka, umesema una miaka 22, unabeba mifuko ya gofu klabuni Kiambu, handikapu yako (mipigo unayopunguziwa kulingana na kiwango chako) ni 1, na unataka kuingia gofu ya kulipwa mwezi ujao ingawa mama anapinga. Kipaji unacho, ila usikimbilie.

Shida kubwa ni pesa. Mwanagofu wa kulipwa hana mshahara. Chukua shindano la Kenya Open, lililo kwenye ziara kuu ya Ulaya (mfululizo wa mashindano ya kulipwa) tangu 2019: baada ya raundi mbili kuna mchujo, na aliyechujwa Ijumaa jioni hapati hata shilingi ya zawadi, ilhali nauli, malazi na kedi wake keshalipia.

Kwa hiyo cheza kwanza gofu ya ridhaa, tena ugenini. Handikapu 1 ya uwanja ambao unajua kila mteremko wake inaweza kukudanganya. Ukianza kumaliza chini ya par (idadi ya mipigo iliyowekewa uwanja) mara kwa mara viwanja vya wengine, siku ya upepo, hapo fikiria kuhamia gofu ya kulipwa. Na hutakosa kitu: tangu 2022 sheria inamruhusu mchezaji wa ridhaa kupokea zawadi ya pesa ya hadi dola 1,000, mradi shindano halitumii handikapu. Ukishahama, kurudi ridhaa ni kuomba na kusubiri.

Mfadhili akijitokeza, mkataba usomwe na wakili kabla hujatia sahihi, hasa asilimia anayodai. Kiuno kikiuma, muone mtaalamu wa tiba ya viungo mapema.

Mama mwonyeshe bajeti ya mwaka mzima. Na kazi ya ukedi usiiache bado.