Madogo wa solda, someni datashiti kabla moshi haujatoka

Nimeletewa tena bodi imeungua, dogo kasimama mlangoni ananiambia "kaka, mbona nilifuata video?" Nikamuuliza, datashiti je, yale maelezo ya mtengenezaji kuhusu kipande chenyewe? "Niliifungua, ila kurasa nyingi." Haya, naandika mara moja hapa, maana nawapenda lakini mnanimalizia risasi ya solda.

1. Soma namba yote iliyoandikwa juu ya chipu, na herufi zake za mbele na nyuma, halafu tafuta kwenye tovuti ya aliyeitengeneza. Kampuni zinanunuana: National iliingia Texas Instruments 2011, International Rectifier ikaenda Infineon 2015, Fairchild ikaenda ON Semiconductor 2016, kwa hiyo jina la zamani likigoma muulize mrithi. Zile tovuti zinazokusanya PDF zinasaidia, ila unaweza ukashusha toleo la kale ukadhani ndio jipya.

2. Miguu haikaririwi jamani. Transista BC547, ubapa ukikutazama na miguu iko chini, kutoka kushoto ni kolekta, besi, emita. 2N3904 umbo lile lile, ila ni emita, besi, kolekta. Na lile bati la mgongoni nalo ni mguu: kwenye vidhibiti volti, la 7805 ni graundi, la LM317 ni autiputi, sasa wewe unazikaza zote mbili kwenye hitsinki (kipoza joto) moja bila maika ya kutenganisha umeme halafu unakuja kuniuliza kwa nini LM317 haitoi kitu!

3. Jedwali la Absolute Maximum, yaani vikomo ambavyo kipande kikivipita kinaharibika, sio mahali pa kuishi. Kweli 7805 inavumilia volti 35 za kuingia, lakini ukiipa 24 ukavuta nusu ampia, wati 9.5 zote zinageuka joto, na ndio maana yako imebadilika rangi.

4. Hapa sasa ndio penyewe. Namba ya datashiti haisimami peke yake, pembeni yake kuna safu ya Test Conditions, yaani hali waliyopimia, na hiyo ndiyo mnayoiruka wote. Na mimi niliiruka, tena kwenye kazi ya mzee mmoja wa Kibirizi, hapa Kigoma, mwenye mtumbwi wa dagaa, alitaka taa zake za LED za volti 12 awe anapunguza mwanga ili betri ifike asubuhi. Nikachukua bodi ndogo ya Arduino Nano na mosfeti IRFZ44N iwe swichi ya taa, kwa sababu nimeona ampia 49 ukurasa wa kwanza, na chini yake geti, ule mguu wa kuiwashia, inaanza kufunguka volti 2 hadi 4, Nano inatoa 5, basi nikajiona nimemaliza. Mezani nikaweka balbu moja ndogo, mwanga ukapanda ukashuka vizuri kabisa, hadi video nikarekodi. Kumbe ile 2 hadi 4 pembeni yake wameandika mikroampia 250, yaani hapo mosfeti imechungulia tu, haijafunguka. Ile miliomu 17.5 ya ukinzani wanayojisifia imepimwa geti ikiwa na volti 10, na zile ampia 49 ni mwili wa mosfeti ukiwa nyuzi 25, sasa nyuzi 25 utazipata wapi ndani ya boksi la plastiki nililoliziba kwa gundi ili maji yasiingie? Taa zote zilipowashwa ikafunguka nusunusu, ikachemka, ikalainisha boksi, na saa saba usiku dagaa wameshajaa chini ya taa, giza tii. Dagaa hawasubiri fundi. Asubuhi mzee akaniwekea boksi mezani, limepinda, akauliza, "Mwanangu, ulisoma au ulikisia?" Nikamjibu nilisoma, na sikudanganya, nilisoma nusu ya mstari. Mafuta ya usiku ule nililipa mimi, na vijana wake wakanibatiza Fundi Giza. Nikamfungia IRLZ44N, herufi moja tu imebadilika, lakini datashiti yake inakutajia miliomu 25 geti ikiwa volti 5, na 35 ikiwa volti 4. Wewe wa bodi ya ESP8266 usichekelee, yako inatoa 3.3 na mstari wa 3.3 humo haumo, tafuta nyingine.

5. Grafu zinasema zaidi ya jedwali, zizoee.

6. Aplikesheni noti, makala ya mtengenezaji ya kuonyesha matumizi, ni mtu aliyekwisha kuungua anakuchorea saketi na kukueleza kwa nini kapasita ile ikae karibu na mguu ule. Ya opampu (chipu ya kukuza ishara) anzeni na AN-31 ya National, siku hizi iko kwa Texas Instruments.

7. Bando likiwepo shusha PDF zihifadhi, usisubiri mpaka mteja kasimama mbele yako na mtandao unazunguka tu. Zangu ziko kwenye flashi, anayezitaka aje kwangu Mwanga jioni na flashi yake, na isiwe na virusi kama ile ya juzi.