Hepatiti: uliza kwanza ni ya herufi gani

Mtu akikuambia "nimepimwa, niko na hepatiti", usikimbilie kumletea mizizi. Muulize kwanza: A, B, C, D au E? Hapa Bukavu yote tunayaita jina moja, wengine husema "manjano" tu, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Ni virusi vitano tofauti vinavyokutana kwenye ini. Kimoja unakunywa kwenye maji, kingine unakipata kwenye wembe. Kuna kinachoondoka chenyewe, kuna kinachopona kabisa kwa vidonge, na kuna ambacho utaishi nacho hadi uzee.

Nyumbani kwetu iliingia B. Mume wangu alikwenda kutoa damu kwa ajili ya dada yake aliyekuwa amejifungua kwa upasuaji, wakamwita pembeni labo. Damu ya kuongezewa mgonjwa hupimwa kwanza virusi vya SIDA, hepatiti B, hepatiti C na kaswende. Macho yake yalikuwa meupe kabisa, na asubuhi ileile alikuwa amepanda mlima wa Kadutu na mzigo begani. B ndivyo ilivyo: inaweza kukaa miaka mingi kimya huku ini likipata makovu, na kwa baadhi ya watu mwisho wake ni saratani. Anayengoja macho yageuke manjano ndipo apime, anaweza kungoja mpaka ini limeharibika. Isitoshe, si kila manjano ni hepatiti. Malaria kali huleta manjano, na watoto wa SS, yaani wenye selimundu, pia macho yao hugeuka.

Mama mkwe alikuja kutoka Walungu kutusaidia, na jioni ya kwanza akamtengea mwanawe sahani, kikombe na kijiko. Hakuwa na ubaya, alikuwa anawalinda wajukuu. Nikamwambia, "Mama, mwache ale nasi. Ugonjwa huu haupiti kwenye bugali."

"Sasa unapita wapi, binti yangu?"

Nikamletea wembe uliokuwa kwenye dirisha la bafu.

B hupita kwenye damu, kwenye tendo la ndoa, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Kirusi chake kinaweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, kwa hiyo hata damu iliyokauka kwenye chuma ni hatari. Kusalimiana, kukumbatiana, kula sinia moja ya sambaza, kulala chumba kimoja: hapana. Mbu naye hana kosa hapa. Kwetu sahani zikarudi kabatini, na badala yake mume akapata kopo lake lenye wembe, mswaki na kikata kucha, vitu ambavyo hakuna mwingine anayevigusa. Damu ikidondoka sakafuni, tunaifuta kwa maji ya javeli, ile dawa ya kuua vijidudu, mikono ikiwa na glavu au hata mfuko wa plastiki.

Nikitoka nje ya nyumba, naona hatari palepale ambapo watu hawaitafuti. Wale vijana wanaozunguka mitaani wakigonga vichupa vya rangi za kucha hukata ngozi ya mama huyu na kwenda kwa mwingine na chombo kilekile. Nenda na chako. Kwa kinyozi vilevile, nunua wembe mpya ufunguliwe mbele yako. Kuhusu kuchanjwa chale ili "damu mbaya itoke", mimi sipendi hata kubishana: wembe mmoja ukipita kwenye migongo ya watu wa familia nzima, hiyo ndiyo njia ya mkato ya B na C. Na sindano ya famasi ya mtaani, kama hukuona bomba likitolewa kwenye karatasi yake, kataa. Utaonekana mjeuri. Sawa.

Mmoja akikutwa na B, nyumba yote ipimwe. Kipimo cha kwanza kinaitwa antijeni HBs. Asiye na kirusi wala kinga hupewa chanjo: kwa mtu mzima ni sindano 3, ya pili mwezi 1 baada ya ya kwanza, ya tatu mwezi wa 6. Watu wazima wengi wa rika langu hatukuipata utotoni. Watoto wetu huipata ndani ya ile pentavalenti, chanjo ya magonjwa matano kwa pamoja, ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, basi itunze karti ya chanjo kama unavyotunza karti ya uchaguzi. Mimi nilikutwa sina kitu, nikachanjwa. Katika familia tulichangia kwanza sindano za wale wanaoishi naye nyumba moja, kisha wengine, na ningepanga hivyohivyo tena kama pesa ni chache.

Mgonjwa mwenyewe asishangae kama anarudishwa nyumbani bila dawa. Kwanza ni lazima ijulikane kama kirusi kimekaa, yaani kama bado kipo baada ya miezi 6. Mtu mzima aliyeambukizwa ukubwani mara nyingi hukifukuza mwenyewe. Mtoto mchanga karibu siku zote hubaki nacho. Kisha daktari huangalia vimeng'enya vya ini, wingi wa virusi katika damu na ekografi, yaani picha ya ndani ya tumbo. Vipimo hivi vinaweza kuwa ghali kuliko dawa zenyewe, kwa hiyo uliza bei yote kabla ya kulala na njaa kwa ajili ya nusu yake. Na karatasi za majibu zisitupwe. Kila daktari mpya atataka kuziona, la sivyo unaanza upya na unalipa upya.

Baadaye mume alianzishiwa tenofovir, kidonge kimoja kila siku. Hakimalizi kirusi, kinakilaza tu, na kukiacha ghafla bila daktari kunaweza kukiamsha kwa nguvu. Figo nazo hufuatiliwa. Kabla ya kukianza ni lazima mtu apimwe virusi vya SIDA, maana kwa mwenye SIDA dawa hiyohiyo hutumika, ila si peke yake. Jirani mmoja aliona kopo la vidonge, akalijua, na kabla ya jua kuzama mtaa mzima ulikuwa umeshampangia mume wangu ugonjwa mwingine. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na hepatiti B. Nilimwambia jirani hesabu hiyo, ila sidhani ilimvutia kama habari aliyokuwa nayo.

Chupa za "kusafisha ini" zinazouzwa kwenye basi na sokoni, ziache. Ini lililochoka ndilo linalopaswa kuchuja pia majani hayo ambayo hakuna ajuaye kipimo chake. Pombe pia, iwe kasiksi au Primus, kwa mwenye B au C ni kuongeza moto. Paracetamol isizidishwe.

C haina chanjo, lakini ndiyo yenye habari njema: vidonge vya wiki 12 hivi huponya zaidi ya 95 kati ya wagonjwa 100. Ila kipimo cha kwanza cha C huonyesha tu kwamba mwili uliwahi kukutana nayo. Usikubali kuanza dawa kabla kirusi chenyewe hakijatafutwa. D humpata tu mwenye B, na chanjo ya B inaizuia.

A na E ni za maji na vyoo. Kwa milima yetu hii, choo kikiwa juu na chemchemi chini, mvua inafanya kazi iliyobaki. Bomba likikauka na mkapeleka bidoni ziwani, chemsheni maji hayo hadi yatokote. Mara nyingi A na E huisha zenyewe kwa kupumzika, kula na kunywa. Mwenye mimba ni kesi nyingine: E katika miezi mitatu ya mwisho inaweza kumuua. Mama mjamzito akigeuka manjano, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Na kwenye CPN, kliniki ya wajawazito, omba kipimo cha B hata kama hawakukitaja. Ukiwa nayo, kuna dawa ya kupunguza virusi kabla ya kuzaa, na mtoto anatakiwa kuchanjwa ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa. Uliza mapema kama maternite yenu ina chanjo hiyo ya kuzaliwa. Kama haina, tafuteni ilipo wakati tumbo bado linaruhusu kutembea. Kunyonyesha ruksa. Ile ya wiki ya 6 inabaki palepale, hata kama ya siku ya kwanza imepatikana.