Ushahidi wa UVIKO-19 alete nani?

SWALI: Kijiweni kwetu Mbagala tunabishana. Mmoja anasema virusi vya UVIKO-19 vilivuja maabara, mwingine anasema vilitoka kwa wanyama. Nani anapaswa kuthibitisha?
– Msomaji, Mbagala

JIBU: Kila anayedai. Kumwambia mwenzako “thibitisha kwamba havikuvuja” ni kumtwisha mzigo usiobebeka.

Wa maabara ya Wuhan, China, aonyeshe mtumishi aliyeambukizwa mapema, au kumbukumbu ya kirusi kinachokaribiana sana na hiki kilichokuwa humo kabla ya Desemba 2019. RaTG13, kirusi cha popo kinachotajwa mno, hakitoshi: kinafanana kwa asilimia 96, na katika herufi takriban 30,000 za jenomu (maelekezo yote ya urithi ya kirusi) zaidi ya 1,100 zinatofautiana. SARS, ugonjwa wa mapafu wa virusi vya jamii hiyohiyo, iliwahi kutoka maabara Beijing mwaka 2004, ndiyo. Hilo linaonyesha inawezekana, halionyeshi kwamba safari hii ilitokea.

Wa wanyama naye ana deni: mnyama mwenyewe. Mwaka 2003 fungo wa masoko ya Guangdong walikutwa na virusi vya SARS. Safari hii hajapatikana wa namna hiyo. Lakini soko la Huanan, Wuhan, lilifungwa 1 Januari 2020, na mamalia hai waliokuwa wakiuzwa pale hawakupimwa. Kutopatikana kitu ambacho hakikupimwa hakupunguzi uzito wa hoja. Wagonjwa wengi wa mwanzo waliishi karibu na soko hilo, na vinasaba vya mbwa-rakuni, mamalia anayeweza kuambukizwa virusi hivi, vilikutwa kwenye sampuli za vibanda vyake.

Kwetu mzani unaelemea wanyama, ingawa haujafunga kesi. Anayekwambia ana hakika kamili, mwulize: ushahidi gani ungekubadilisha mawazo?