Nyumba ya kupangisha inakula pesa: mimi niliuza, wewe usikimbilie

Juma lililopita dada mmoja wa Kolwezi aliniandikia. Ana nyumba hapa Lubumbashi, komini ya Katuba, aliyoachiwa na marehemu baba yake. Anayekaa ndani ni binamu. Kodi analipa nusu, mwezi mwingine halipi kabisa, na paa likivuja dada ndiye anayetuma pesa za mabati. "Mama, niuze?" Ameuliza hivyo tu, kisha akaandika bei anayoifikiria.

Nilimjibu hapana, si sasa, na hiyo bei aifute kwanza. Nyumba hiyo haijashindwa kuleta pesa, maana haijawahi kupangishwa kikweli. Amkalishe binamu mbele ya wakubwa wa familia, ampe tarehe ya kutoka, aingize mtu wa kulipa. Hapo ndipo atajua kama ana nyumba ya hasara au ana ndugu wa hasara. Isitoshe, karatasi bado ziko kwa jina la marehemu na dada ana wadogo zake. Mmoja tu asiposaini, mnunuzi ameshanunua kesi.

Wengine wamenicheka: unamkataza mwenzako kuuza na wewe uliuza? Ndiyo, niliuza, na ningeuza tena. Ngoja niseme kwa nini.

Ndoto yetu sote ni moja: parseli (kiwanja chenye nyumba) ya kukaa, parseli ya pili ya kupangisha, uzee ukifika unakula kodi. Yangu ya pili ilikuwa Bel-Air, mtaa wa hapa Lubumbashi. Vyumba vinne, ukuta mzima kuzunguka, matofali ya kuchoma, yale ya udongo wa kichuguu. Mume wangu alisimama kwenye tanuru mwenyewe kuhakikisha hayaungui upande mmoja. Wapangaji wetu walikuwa watu wa migodi, na kampuni ndiyo ililipa, dola 800 kwa mwezi. Nilikuwa napita mjini nimeinua shingo, nisiwadanganye. Kwenye likelemba, mchezo wetu wa kuchangiana pesa kwa zamu, wenzangu walinipisha nichague zamu ya kupokea.

Kisha watu wakaanza kuhama. Mwaka 2015 jimbo letu la Katanga liligawanywa likawa majimbo manne, Kolwezi ikawa makao makuu ya Lualaba. Migodi mikubwa ya kobalti iko kule, ofisi zikafuata, na mwenye mshahara hataki tena kukaa karibu kilomita 300 kutoka kazini. Aliyekuwa akipanga Bel-Air sasa anapanga Kolwezi. Februari 2025 serikali ikasimamisha kuuza kobalti nje, kwa sababu bei ilikuwa imeanguka vibaya. Mpangaji wetu wa mwisho aliambiwa mkataba wake hauongezwi. Akafunga mizigo, akaniomba garanti yake, ile pesa ya dhamana aliyoweka alipoingia.

Garanti! Hapa wenye nyumba wengi tunanyamaza. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isizidi miezi mitatu, na mpangaji akitoka salama anarudishiwa. Lakini nani kati yetu anaiweka pembeni? Tunaichukua, tunanunua saruji, tunalipa minerval, ile ada ya shule ya watoto. Garanti ni deni lako tangu siku ulipoipokea. Usiiandike kamwe kwenye upande wa mapato.

Na huo upande wa mapato wengi hawaujui. Ukimuuliza mtu nyumba yake inaleta ngapi, atakujibu mia nane kwa mwezi. Hiyo ni kodi ya mwezi mzuri. Chukua daftari la shule, andika mwaka mzima. Yangu ya 2025 ilikuwa hivi. Miezi minane yenye mtu, dola 6,400. Ushuru wa mapato ya nyumba, ule tunaouita IRL, asilimia 22 ya kodi yote iliyoingia, bila kujali ulitengeneza nini: dola 1,408. Zikabaki 4,992. Zamu, yaani mlinzi wa nyumba, dola 100 kila mwezi, mpangaji awepo asiwepo: 1,200. Mkopo wa foraji, kile kisima kirefu cha pampu, maana mtu wa dola 800 hawezi kusubiri maji ya bomba: 180 kwa mwezi, yaani 2,160. Pampu iliungua umeme uliporudi kwa nguvu usiku: 650. Paa: 2,300. Jumlisha matumizi, utapata 6,310. Nilimlipa mtu yeyote aliyegusa nyumba ile, na mwisho nikaongeza dola 1,318 kutoka kwenye mfuko wangu.

Paa lina habari yake. Mpangaji alikuwa amenipigia kwamba mlango wa chumba cha nyuma haufungi. Nikaenda na fundi. Fremu ilikuwa na rangi safi, inang'aa. Fundi akabonyeza kwa kidole gumba, kidole kikazama kama kwenye bukari, ugali wetu. Ndani hamkuwa na mbao tena. Mlikuwa na udongo mwekundu wenye unyevu, na mchwa weupe wakikimbia mwanga. Akaufuata mstari wa udongo ukutani kwa bisibisi hadi darini, akatoboa, vumbi likamwagikia begani. Mbao za paa zilikuwa zimebaki maganda. Mvua za Novemba zingetukuta hivyo.

Mchwa lakini si sababu ya kuuza nyumba. Katanga nzima imekaa juu ya vichuguu. Ukikimbia mchwa utahamia wapi? Unaweka dawa, unabadilisha mbao, inaisha. Hapo ndipo wengi wanapokosea, wanauza kwa hasira ya fundi. Hasara ambayo mkono wako unaifikia, kama paa, pampu, mpangaji mkorofi, binamu, hiyo unaishughulikia kwanza. Mimi niliyashughulikia yote, na nyumba ilikaa tupu nikiwa na paa jipya na maji ya foraji. Kuwarudisha watu wa Kolwezi sikuweza.

Komisioneri, yaani dalali wa nyumba, akanishauri nishushe kodi hadi 500, familia za hapa wataingia. Nikarudi kwenye daftari. Mwaka mzima bila mwezi hata mmoja wa tupu: 6,000. Toa IRL 1,320, toa zamu, toa mkopo, weka 1,000 tu ya matengenezo. Zinabaki dola 320. Kwa mwaka! Kwa nyumba inayozeeka kila msimu wa mvua, na kwa kudhani kwamba mpangaji atalipa kila mwezi bila kukosa. Mume wangu aliangalia hiyo 320, akafunga daftari, akasema tuuze.

Kilichofuata sikukitegemea. Yaya wa mume wangu, yaani ndugu yake mkubwa na mkubwa wa familia, alikuja na wajomba wawili kutoka Kamina. Wakasema nyumba ya mjini haiuzwi. Matanga ya baba mkwe yalifanyika pale. Watu wakishuka treni wanalala pale. Zamu mwenyewe ni mtoto wa ndugu yao, atakula wapi? Nikauliza kwa heshima ni nani kati yao angechukua ile 180 ya mkopo, hata miezi mitatu tu. Wakanitazama kama niliyetukana. Nikaitwa mwanamke wa kuvunja ukoo. Mahari ya binti yetu ilipoletwa, kiti cha yaya kilikaa kitupu, na watu waliona.

Bado inaniuma, sitaficha. Lakini nisikilizeni, nyinyi wenye mashemeji: anayekukataza kuuza, mpe bili. Kama nyumba ni ya ukoo, basi ukoo ulipe foraji. Tumezoea kulea majengo ili watu wapate pa kulala wakija mjini, huku watoto wetu wanarudishwa shule kwa deni. Mungu hakukupa parseli ya pili ili ikunyang'anye ya kwanza. Na wewe mwanamume unayejificha nyuma ya mke wako ili yeye ndiye atukanwe, simama useme. Wangu alisimama, namshukuru. Tena sheria yetu ya familia inataka wote wawili mkubaliane kabla nyumba haijauzwa, kwa hiyo hakuna wa kusema hakujua.

Kuuza kwenyewe ni habari ya karatasi. Ardhi ya Kongo ni ya serikali, ndivyo inavyosema sheria ya tarehe 20 Julai 1973. Wewe una haki ya kuitumia, na haki hiyo inathibitishwa na sertifika ya usajili. Ile karatasi ya mauzo iliyopigwa muhuri kwa chefu wa kartie, mkuu wa mtaa, haikufanyi mwenye parseli. Mkataba wa kupangishwa na serikali, ule wa miaka mitatu ya kwanza, nao bado si sertifika. Mwenye karatasi hizo tu atauza kwa bei ya huruma. Sisi tulikuwa na sertifika iliyokwisha kupita miaka miwili tangu itolewe, ambayo si rahisi tena kuishambulia mahakamani, na mnunuzi hakubishana sana. Kabla ya kutangaza, leta mpima wa kadasta, ofisi ya upimaji ardhi, apime upya. Kwetu ukuta wa jirani ulikuwa umeingia kwetu kwa hatua moja. Tuliyamaliza na jirani kwa soda, mnunuzi akiwa bado hajaiona parseli.

Mkiisha kupatana, usipokee akonti, pesa ya utangulizi, mkononi kutoka kwa komisioneri, hata kama analia kwamba mteja atakimbia. Ukitia saini ya dola 500 leo, kesho karatasi hiyo inazunguka mjini, na mtu usiyemjua anakuja kudai nyumba. Pesa yote ipite benki, siku ile ile mnayotia saini kwa mthibitishaji wa mikataba, mkiwa wawili. Sisi tulilipa mkopo wa foraji kwenye dirisha la pembeni kabla hatujatoka ndani ya jengo. Zamu tulimpa miezi mitatu yake na cheti, na sasa analinda duka la dawa karibu na soko la Kenya.