Do yako haijapotea: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Huku Buruburu sote tu wazima. Nimekuandikia barua kwa sababu jambo uliloniuliza juzi usiku halikutosha kujibiwa kwa simu. Ulisema Kwaya ya Taifa ya Vijana ya Uskoti inafanya usaili wa sauti, na kwamba kwa kuwa unasoma Glasgow, nawe unaweza kujaribu. Kisha ukasema neno lililonikosesha usingizi: "Mama, wenzangu wamesoma nota za mistari mitano tangu utotoni. Mimi nimekulia kwenye solfa ya kanisani, ile ya do-re-mi. Kweli niende?"

Nenda, mwanangu.

Hiyo solfa unayoionea haya ilitoka hukohuko uliko. Mwanzoni mwa karne ya 19, mwalimu mmoja wa Norwich, Uingereza, Sarah Glover, alianza kuwafundisha watoto kuimba kwa herufi. Mchungaji John Curwen akaichukua kazi yake, akaipanga upya, baadaye akaongeza ishara za mikono. Wamishonari wakatuletea pamoja na vitabu vya nyimbo. Na kule Hungary, mtunzi wa muziki Zoltán Kodály na wanafunzi wake walizichukua do inayohama (isiyofungwa kwenye sauti moja, bali hufuata ufunguo wa wimbo) na ishara zile za Curwen, wakawafundishia watoto wa nchi nzima. Sasa sikiliza: kwaya hiyo unayoiogopa, aliyoianzisha Christopher Bell mwaka 1996, hulea waimbaji wake wadogo kwa njia ya Kodály. Wameanza na do-re-mi, kama ulivyoanza wewe.

Unakumbuka babu yako na fimbo yake? Alichora ngazi ya sauti ubaoni kwa chaki, do chini, do juu, kisha akawa anagusa herufi bila kusema neno nasi tunaimba. Akiruka kutoka do hadi la, ole wake atakayekosea. Ulikuwa na miaka sita, umekaa miguuni pangu katikati ya akina mama wa alto, sauti ya chini ya wanawake, na uliipata la kabla yetu. Sikio la namna hiyo wengine hulitafuta miaka mingi.

Ila sitakuficha kilichopungua. Solfa yetu inakuambia juu ya ukurasa kwamba do ni G, basi unaanza. Kwenye mistari mitano lazima uitafute do mwenyewe. Njia ni hii: tazama alama zilizo mwanzoni mwa mistari, shapu za kupandisha sauti au flati za kuishusha. Shapu ya mwisho kulia ndiyo ti, kwa hiyo do iko hatua moja juu yake. Flati ya mwisho ndiyo fa. Shuka hatua tatu utaikuta do. Ukishaipata, mengine unayajua. Wimbo ukiwa wa huzuni, jaribu kuifanya la ndiyo nyumbani, pale wimbo unapotulia. Penye fe (fa iliyopandishwa) na ta (ti iliyoshushwa) ndipo utakapopata shida, maana kwenye kwaya yetu tulizoea kuzikariri kwa kumfuata aliye mbele. Hapo nakiri kosa ni letu sisi wazazi, hatukukusukuma. Kila asubuhi chukua wimbo mmoja usioujua, mistari minne tu, uusome polepole. Ukikosea, usirudi nyuma. Endelea na mapigo.

Jambo la pili ni kusikiliza, na hapo sina wasiwasi nawe hata kidogo. Umepanda jukwaani kwenye Tamasha la Muziki la Kenya, umebanwa katikati ya wasichana sitini, na umejifunza kupunguza sauti yako mpaka umsikie wa kulia na wa kushoto. Sauti kubwa hupatikana kirahisi. Mwimbaji anayejua kuizamisha yake ndani ya za wenzake ndiye kila mwalimu wa kwaya humtafuta.

Kuhusu wimbo wa kuchagua mwenyewe, kama wataruhusu, usihangaike kutafuta wa kuwavutia. Ungependeza na wa kubembeleza watoto, ule wa bibi yako. Usiuone mdogo. Mwaka 1963 jopo lililotunga wimbo wetu wa taifa, Graham Hyslop, George Senoga-Zake na wenzao, lilichukua sauti ya wimbo wa kubembeleza mtoto wa Wapokomo wa Mto Tana. Nchi nzima husimama wima kwa wimbo wa mama aliyekuwa akimlaza mwanawe. Mimi kila nikiusikia uwanjani humkumbuka yule mama, ingawa hatumjui.

Nauli na ada tutazungumza na baba yako. Usikatae nafasi kwa sababu ya hayo.

Kwenye karatasi ya pili nimekuchorea ishara za mikono: do ni ngumi, mi kiganja kimelala, fa kidole gumba chini, ti kidole cha shahada juu. Jumamosi tukitoka mazoezini nitakupigia. Uwe na ule wimbo wa bibi tayari, uanze wewe, mimi nitaingia na alto.

Mama yako