Kesi ya ubakaji haimalizwi kwenye kikao cha ukoo

Msomaji mmoja kaniandikia: “Dada, nimebakwa juzi. Baba mdogo anasema tukienda polisi tutaaibika.” Nimemjibu kwake, ila najua wengine wenye swali hilo mnasoma kimyakimya.

Mdogo wangu, nenda hospitali leo. Dawa za kukukinga na VVU huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa ina maana. Nguo ulizovaa usizifue. Kituoni ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, upewe PF3, fomu ya polisi ya matibabu, ijazwe na daktari.

Mimi nami nilibakwa, na sikufika dawatini moja kwa moja. Askari wa kaunta aliniuliza nilivaa nini, mbele ya watu waliokuja kuripoti simu zilizoibwa. Miaka imepita na bado nina hasira naye. Kisa kilekile nikakirudia kwa mpelelezi, kwa daktari, kwa wakili wa serikali. Halafu kalenda za mahakama: shahidi hajafika, hakimu kahamishwa, njoo mwezi ujao.

Siku ya kutoa ushahidi wasikilizaji walitolewa nje, maana kesi hizi ushahidi hupokelewa faragha. Hakuna aliyeniambia mapema, ningelala usingizi. Wakili wa aliyenibaka akauliza kwa nini sikupiga kelele. Nikamtazama usoni nikamjibu: “Alinikaba koo.” Sikulia. Hilo najivunia mpaka kesho.

Hapakuwa na aliyeshuhudia zaidi yangu. Lakini Mahakama ya Rufani imeshasema mara nyingi kuwa ushahidi bora wa ubakaji ni wa aliyetendewa, na hakimu akiuamini unatosha kumtia mtu hatiani. Aliyenibaka akapata miaka 30 jela, kiwango cha chini kwa mbakaji mtu mzima hapa Tanzania tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998.

Sasa nyie wazazi na wajomba mnaokaa kikao na mbakaji mpokee pesa: mnamuuza mtoto wenu. Kesi ni ya Jamhuri, si ya ukoo. Mnampeleka binti kijijini kwa bibi, tarehe inafika hayupo, kesi inafutwa, na yule bwana anarudi mtaani kutafuta mwingine. Acheni!

Nawe mdogo wangu, nenda hospitali, nenda dawatini, na usiende peke yako. Jina na simu ya mpelelezi viandike, na kila tarehe ya kesi awepo mtu wako mmoja, hata jirani.