Bingwa yuko Toyota, Triple Eight imerudi Ford: maswali yenu kuhusu usajili wa turingi 2026

Tangu Supercars, ligi ya turingi ya Australia, ifunge msimu wa 2025 kule Adelaide mwishoni mwa Novemba, maswali hayajakatika, kutoka Nyakato, Sengerema, Musoma hadi Nansio. Wengi mnataka kujua dereva gani kaenda wapi. Wachache wameuliza gari gani limeenda wapi, na safari hii hao wachache ndio wameshika penyewe. Kwa wageni wa safu hii: turingi ni mbio za uwanja wa lami za magari yenye sura ya magari ya barabarani. Mbio za vumbi za Naivasha ni mchezo mwingine.

Mwangaluka kaka. Chaz Mostert juzi tu kachukua ubingwa na Ford Mustang. Inakuwaje 2026 anaonekana na Toyota? Kahama timu? (Buzuruga)

Mwangaluka. Hajahama, timu ndiyo iliyohama naye akiwa ndani. Walkinshaw, timu yake, walitangaza tangu Septemba 2024 kwamba 2026 wataingia na Toyota GR Supra. Kwa hiyo muda wote Mostert anasaka ubingwa wake wa kwanza, ilijulikana kwamba ile Mustang inaagwa.

Timu hiyo siku hizi haikai sana sehemu moja. Ilikuwa nyumba ya Holden, chapa ya magari ya Australia, kwa miongo mitatu. Kampuni mama, General Motors (GM), ikalizika jina la Holden mwaka 2020, timu ikaendelea na Holden Commodore hadi 2022, ikaenda Ford 2023, na sasa Toyota. Chapa tatu ndani ya misimu mitano.

Ila usidhani wanaanza sifuri. Kwenye kanuni za sasa, zilizoanza 2023, chasisi, giaboksi na breki ni zilezile kwa kila timu. Kinachotofautisha Supra ya Toyota, Mustang ya Ford na Camaro ya GM ni injini ya V8 na bodi. Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa. Msimu wa 2023 ulijaa malalamiko kwamba Camaro inapendelewa dhidi ya Mustang, mpaka magari yakasafirishwa kwenda Marekani kupimwa kwenye handaki la upepo. Sasa chapa zimekuwa tatu, na mmoja ni mgeni. Mimi natarajia kelele nyingi kabla ya katikati ya msimu, na sitarajii Mostert atetee taji. Kushinda mbio kadhaa, sawa.

Timu ya Triple Eight wamepungukiwa nini hadi waikimbie Camaro? Walikuwa na bingwa wa 2024, na 2025 Broc Feeney alikuwa anawaburuza watu. (Nyegezi)

Hawakupungukiwa kitu uwanjani. Will Brown alitwaa ubingwa wa 2024, na Feeney alitawala sehemu kubwa ya 2025 kabla mambo hayajamharibikia kwenye fainali. Januari 2025 walikuwa wameshasema kwamba 2026 wanakwenda Ford, na kwenda huko kunaeleweka ukikumbuka walikotoka. Jamie Whincup alichukua mataji yake mawili ya kwanza, 2008 na 2009, akiwa Triple Eight ndani ya Ford Falcon. Timu ikahamia Holden 2010, Whincup akaongeza mengine matano huko. Kwa hiyo hii ni safari ya kurudi.

Jambo kubwa kuliko rangi ya gari ni kazi waliyokabidhiwa. Kila chapa ina timu moja mama inayoshughulikia ukuzaji wa gari na kulipeleka kwenye vipimo kwa niaba ya wenzake. Upande wa Ford kazi hiyo ilikuwa ya Dick Johnson Racing, sasa inakwenda Triple Eight. Upande wa GM ilikuwa ya Triple Eight, sasa imeangukia Team 18. Yaani watu waliokuwa wanaijua Camaro kuliko wote duniani wanafunga vifaa vyao na kwenda kwa mpinzani. Ukiniuliza usajili wa mwaka ni upi, ni huo, wala hauna jina la dereva.

Feeney na Brown wanabaki palepale, na mimi nampa Feeney nafasi ya kwanza.

Kuna dirisha la usajili kama la Simba na Yanga? (Igoma)

Hakuna. Hakuna tarehe ya kufungua wala kufunga. Ni mkataba wa dereva na timu, na habari huanza kuvuja katikati ya msimu. Kizuizi ni viti. Huwezi kuamka tu ukaingiza gari: Australia kila gari linahitaji hati ya ushiriki, na kwenye turingi ya Uingereza nako ni leseni. Mtu mmoja akiondoka, mlolongo mzima unasogea. Shane van Gisbergen alishinda mbio za NASCAR za mitaa ya Chicago Julai 2023, tena akiwa mgeni kabisa, kisha akahamia Marekani. Kiti chake Triple Eight kikachukuliwa na Will Brown kutoka timu ya Erebus, na mwaka uleule wa kwanza Brown akawa bingwa.

Sasa niambie ukweli: ni dereva au ni gari? Hapa kijiweni tumebishana mpaka chai imepoa. (Kirumba)

Mfano wa Brown hapo juu unawapa pointi wanaosema gari. Waongezee James Courtney. Alikuwa bingwa wa 2010 akiwa na Dick Johnson, msimu uliofuata akahamia Holden Racing Team, na mpaka anastaafu mbio za msimu mzima mwishoni mwa 2025 hakupata taji la pili.

Wanaosema dereva nao wana mtu wao, Ash Sutton wa mbio za Uingereza, BTCC. Ubingwa wa 2017 aliupata na Subaru, 2020 na 2021 na Infiniti, 2023 na Ford Focus. Magari matatu, tena Subaru na Infiniti zinasukumwa na matairi ya nyuma na Focus inavutwa na ya mbele, kwa hiyo hata namna ya kukata kona inabadilika. Mtu wa namna hiyo ni nadra.

Brodie Kostecki yuko katikati. Bingwa wa 2023 na Erebus, hakuonekana kabisa mwanzoni mwa 2024, akarudi, akashinda Bathurst, mbio ndefu ya kilomita 1,000 ya Supercars, mwaka huohuo, halafu akaondoka kwenda Dick Johnson. Hesabu zenu za kijiweni mzifanye hapo. Chai mnunuliwe na aliyeshindwa.

Ni kweli bingwa anabebeshwa mawe ili wengine wamfikie? (Musoma)

Si mawe, ni vyuma. BTCC ilikuwa na utaratibu wa kumwongezea uzito anayeongoza, na kuna misimu ulifika kilo 75. Ulipoingia mfumo wa haibridi 2022, badala ya uzito anayeongoza akapunguziwa muda wa kutumia umeme. Haibridi nayo ikaondolewa 2025. Sutton na wenzake wamepita kote huko, ndiyo maana nasema ubingwa wa Uingereza ni mgumu kuliko unavyoonekana.

Mwanangu, nina kijana anaendesha mchomoko wa Sengerema. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe anasema yeye ni dereva wa mashindano. Aanzie wapi? (Sengerema)

Shikamoo mama. Kwanza apunguze mwendo, wale abiria hawakukata tiketi ya mashindano. Akitaka kwa kweli, aanze na Chama cha Magari Tanzania, AAT, chenye uanachama wa FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, na ndicho kinachotoa leseni za mashindano. Hapa kwetu njia iliyo wazi ni mbio za vumbi. Turingi inahitaji uwanja kamili kama Kyalami wa Afrika Kusini, na inahitaji mdhamini. Madereva wengi hata huko Uingereza huingia timu wakiwa na wadhamini wao mkononi. Kipaji peke yake hakinunui matairi.

Bathurst ni saa ngapi kwa saa zetu? (Nansio)

Oktoba, Jumapili, wakiwa mbele yetu kwa saa nane. Wanaanza karibu na adhuhuri yao, kwetu ni kati ya saa tisa na saa kumi usiku. Ni mizunguko 161, kilomita 1,000, zaidi ya saa sita. Na madereva ni wawili kwa kila gari, kwa hiyo ukiona Feeney kashuka katikati ya mbio usinitumie ujumbe kwamba kafukuzwa.